Mnataka kusakafia mfereji ili mto upunguze chumvi? Someni hapa kabla hamjanunua saruji

Kwanza tuelewane chumvi inatoka wapi. Maji yanayovuja kwenye mfereji wa udongo hayapotei, yanazama, yanapita kwenye udongo wenye chumvi, yanaiyeyusha, halafu yanarudi mtoni polepole yakiwa yameibeba. Shambani nako ukimwagilia kupita kiasi ni hivyohivyo. Saruji au bomba halichuji chumvi, linazuia tu maji yasiende kuichukua.

Mita ya EC, ile inayoonyesha chumvi ya maji kwa jinsi yanavyopitisha umeme, nunueni mapema. Pimeni mwaka mzima, na kila mkipima chumvi pimeni na wingi wa maji, maana mto ukijaa chumvi inaonekana imepungua kumbe imezimuliwa tu. Kwa kumwagilia, maji ya chini ya 0.7 desisimensi kwa mita (dS/m, kizio cha EC) hayana shida, yakivuka 3 mazao mengi yanateseka, na maharage yanalalamika mapema sana kuliko shayiri.

Sasa hili la kujua ni kipande kipi kinachovujia kwenye chumvi ndo lilitutoa machozi. Sisi tulipima uvujaji vizuri kabisa, tukaziba kipande huku na huku, tukajaza maji, tukachomeka kijiti chenye alama na pembeni tukaweka beseni ili tujue jua linakula kiasi gani. Kipande cha juu karibu na banio kikaonekana kinakunywa maji kuliko vyote, basi hela yote ikaenda hapo. Maji yakaanza kufika mkiani mapema, watu wakashangilia. Msimu ukapita, nikaenda kupima mtoni chini ya mitaro yetu, chumvi ileile. Tukalaumu mita, tukaazima nyingine, ikasema vilevile. Mzee mmoja aliyeshiriki kuchimba mtaro wetu wa kutolea maji ya ziada mashambani kurudi mtoni akatuambia acheni kubishana, tembeeni na ndoo. Tukaufuata mtaro huo tukipima kila hatua mia, namba haibadiliki, haibadiliki, mpaka tulipopita kona moja mita ikaruka zaidi ya mara nne. Ukingo wa pale ulikuwa na unga mweupe kama majivu, nikaukwangua kwa kucha nikauonja, mchungu. Juu yake ndo kilipita kipande cha chini cha mfereji, kile kilichovuja kidogo tu ambacho hakuna aliyekijali. Kule juu tulikomalizia hela ni changarawe, maji yake yalikuwa yanarudi mtoni masafi! Kwa hiyo msiulize wapi panavuja sana, ulizeni wapi panavuja JUU YA CHUMVI. Hata Marekani, ile sheria yao ya 1974 ya kupunguza chumvi ya mto Colorado ililenga sehemu kama Grand Valley, ambako mifereji inapita juu ya udongo uliotokana na matope ya bahari ya kale.

Penye huo unga mweupe saruji ya kawaida inaliwa, inavimba na kumung'unyuka, mwambieni mkandarasi alete inayostahimili salfeti, yaani aina ya chumvi inayokula saruji, na iandikwe kwenye mkataba. Wekeni matundu ya kupumulia maji ya chini, na mkitaka kutoa tope msikaushe mfereji kwa usiku mmoja, maji ya ardhini yatainua sakafu mkute imepasuka.

Ongeeni na wenye visima vya jirani, kuna visima na vinamasi vinaishi kwa uvujaji huo. Na maji mtakayookoa mkubaliane mapema yanaenda wapi, mkiyatumia yote kuongeza mashamba mto utakosa maji ya kuzimua chumvi, wa chini yenu watalia palepale. Mwaka 1961 wakulima wa bonde la Mexicali kule Meksiko walianza kupata maji yenye chumvi kali iliyotoka kwenye mitaro ya mashamba ya Arizona, Marekani, ikawa ugomvi wa nchi mbili, na makubaliano ya kudumu yalipatikana 1973.

Shambani punguzeni maji lakini msibane kupita kiasi, lazima kiasi fulani kisukume chumvi chini ya mizizi, la sivyo mtaihamisha kutoka mtoni kuja kwenye mazao yenu wenyewe.

Halafu mfereji wa saruji unateleza na maji yake yana kasi, mtoto akitumbukia hana pa kushika. Wekeni ngazi, na kamba zinazokatiza mfereji ili aliyetumbukia azishike, kila baada ya umbali mfupi, na ziwekwe kabla maji hayajafunguliwa.