Mama kapasuliwa goti Mwanza na wewe uko Ulaya, fizio ya mtandaoni inaendaje

Wengi tunadhani ukishamlipa fizio wa mtandaoni, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayemwelekeza mama kwa video, basi yameisha. Kazi yote iko kwa anayeshika simu. Ukimwachia mjukuu mwenye haraka ya mpira, fizio ataona dari na paji la uso la bibi, goti halionekani kabisa. Tafuta mtu mmoja anayeeleweka, bora dada au mamdogo maana kanga inabidi ipande juu ya goti, simu ikae pembeni usawa wa mguu. Na kama fizio ni mwanaume muulizeni mama kwanza, wamama wengine wanaitikia tu "sawa mwanangu" alafu hawafanyi chochote.

Awe kapasuliwa Bugando au Sekou Toure au kokote, picha ya karatasi aliyoruhusiwa nayo imfikie fizio kabla ya zoezi la kwanza, kuna operesheni daktari anazuia kukunja au kukanyagia mguu kwa muda, goti la bandia nalo lina utaratibu wake. Mara ya kwanza apimwe na fizio wa palepale Mwanza, kwenye skrini huwezi kushika uvimbe.

Saa nazo! Saa 3 asubuhi ya London ni saa 5 Mwanza, wakati wa baridi ni saa 6, sasa mwandikie mama kwa saa zake.

Kwa goti la bandia kinachoharibu sana ni mto chini ya goti. Watu wanauweka kwa huruma na kweli anatulia, ila goti linazoea kupinda na kulinyoosha baadaye ni shughuli. Mto ukae chini ya kisigino. Wamama wetu wanawaza kukunja tu sababu ya choo cha kuchuchumaa, na magoti mengi ya bandia hayakunjiki mpaka huko, so hela ya choo cha kukaa itume mapema kabla hata ya bando.

Kama nyumba iko mlimani, Isamilo au Mabatini kwenye yale mawe, kupanda atangulize mguu mzima, kushuka atangulize uliopasuliwa, na mtu awe karibu.

Shavu la mguu likivimba na kuuma, au kidonda kikatoa usaha na homa, aende hospitali siku hiyohiyo. Akibanwa kifua au pumzi, usafiri utafutwe hapohapo hata kama ni usiku wa manane, fizio ataambiwa baadaye.