Kuishi kwa saksofoni hapa Lubumbashi

Mdogo wangu, ukitaka saksofoni ikulipie kodi ya nyumba, anza na masikio kabla ya vidole. Mimi nilianza na Verckys Kiamuangana, aliyepuliza katika OK Jazz, bendi ya Franco, tangu 1963 hadi alipoanzisha bendi yake ya Vévé mwaka 1969. Chagua sekunde kumi za solo yake. Ziimbe kwa mdomo mpaka mama mwenye nyumba alalamike, ndipo ushike chombo. Kisha msikilize Manu Dibango wa Kameruni, halafu Coltrane, yule Mmarekani wa jazz. Ukimtanguliza Coltrane utakata tamaa.

Saksofoni ya alto iko kwenye mi bemoli, yaani ukipiga do yake inasikika mi bemoli ya kinanda: mpiga kinanda akisema "fa", wewe unapiga re. Hayo muyamalize mazoezini. Kwenye harusi moja kule Katuba nilipiga fa ileile aliyoitaja, bibi harusi akageuka kuniangalia.

Mwezi wa saba, baridi ya usiku ikiingia, saksofoni nayo hushuka, noti zake zikawa chini kidogo ya zile za kinanda. Robo saa kabla ya kupanda jukwaani, bonyeza vitufe vyote, ipulizie pumzi bila kutoa noti, hadi shaba iwe vuguvugu mkononi. Bado iko chini? Sukuma kipulizio ndani kidogo, kidogo kweli. Anshi, yaani kile kipande cha mwanzi, beba tatu. Ugumu wa namba 2 na nusu unatosha.

Malipo: nusu kabla ya noti ya kwanza. Keki ikishakatwa, mwenye sherehe haonekani tena.