Mgebuka wa moshi Tabora: jinsi ya kumpata mzuri ukiwa mbali na ziwa

Kigoma anayetaka mgebuka wa kubanikwa, samaki wa Ziwa Tanganyika, anateremka mwalo wa Kibirizi au Katonga, anaona moto, anaona chanja, anachagua. Tabora unamkuta samaki mezani tu, amekwisha kupita kwenye tenga, behewa na baiskeli, na rangi yake haikuambii mengi. Ile rangi ya dhahabu iliyokolea ndiyo inayouza, na ndiyo rahisi kuigizwa: samaki aliyeanza kuchoka hurudishwa kwenye moshi mzito kwa muda mfupi, akatoka anang'aa kama wa jana. Anza na tumbo, kisha mgongo. Rangi iangalie mwisho.

Tumbo liwe limepasuliwa kwa kisu, mkato ulionyooka. Ukiona limechanika lenyewe na mbavu zimechomoza nje ya nyama, huyo alikuwa ameharibika kabla hajaona moto. Samaki akikaa juani bila barafu, maji ya tumbo lake mwenyewe huanza kumla nyama, na hakuna moshi unaoirudisha.

Kwa mgongo, omba ruhusa uvunje mmoja nyuma ya kichwa, pale penye nyama nene. Muuzaji mwenye mali nzuri hakatai, hasa ukimwambia unachukua fungu zima. Nyama iachane vipande vipande, kavu mpaka kwenye uti. Ikiwa nje pamekuwa ganda gumu na ndani kuna unyevu, au uti bado una damu nyekundu, moto uliharakishwa. Samaki anatakiwa aanze na moto mdogo saa moja au mbili ili maji ya juu yatoke taratibu, ndipo joto lipande kufikia nyuzi 80 hivi aive, kisha lishushwe tena akauke hadi ndani. Moto mkali wa mwanzo huifunga ngozi, maji yakabaki yamenaswa, na uozo ukaanzia kwenye uti bila wewe kuona kitu. Mkulima wa tumbaku wa Urambo atalielewa hili upesi: bani, lile banda la kukaushia tumbaku, likipandishwa joto kabla jani halijatoa maji, jani linaungua.

Pitisha kidole kwenye ngozi. Mafuta kidogo ni sawa. Masizi meusi yanayoshika kidole yanatokana na kuni mbichi au moto ulionyimwa hewa, na nyama yake itakuwa chungu hata ukiiosha mara tatu. Kuni zinazofaa ni ngumu na kavu, kama mtundu na muyombo. Ukisikia harufu ya plastiki au ya rangi ya kupaka mbao, rudisha mezani, hata kama bei ni ya kutupa.

Usiulize "ni wazuri?", maana hakuna atakayesema hapana. Uliza: "Shikamoo mama, hawa wameingia lini, na walibanikwa wapi?" Anayejua mali yake atakujibu kwa siku na kwa mwalo. Anayejibu "wa Kigoma hao" bila kuongeza neno huenda hajui, na hapo jaribio la mgongo ndilo litakalosema.

Angalia pia mwezi. Migebuka huvuliwa usiku kwa taa, na kwenye mbalamwezi taa hazivuti samaki vizuri, kwa hiyo mavuno hupungua. Mzigo mpya utegemee siku za giza na siku chache baada yake. Siku za mwezi mpevu, wengi walio sokoni ni wa akiba. Kuna pia ziwa kufungwa, uvuvi ukasimama: mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipumzishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Nyakati kama hizo hamia kwa kambale na perege wa bonde la Malagarasi wanaopitia Nguruka. Kambale onja kipande kabla ya kulipa, kwani ana mafuta mengi na yakichacha koo linawasha.

Kuna samaki wa moshi laini, mwenye maji bado, na kuna mkavu kabisa. Yule laini ni mtamu zaidi, lakini huhimili siku mbili tatu tu, na safari ya reli kutoka Kigoma, kama kilomita 400, inakula sehemu ya siku hizo. Tabora nunua mkavu. Ataonekana ghali, ila kilo tatu hadi nne za mbichi ndizo zinazotoa kilo moja yake. Laini anayeuzwa kwa kilo anakuuzia na maji.

Kabla ya kufunga, mtikise juu ya karatasi nyeupe huku mdomo na mashavu vikielekea chini. Unga kama wa msumeno, vitundu, au magamba ya funza wenye manyoya ni dalili ya mende wa samaki, mdudu anayekula samaki mkavu, si mende wa jikoni. Mmoja tu anaambukiza tenga zima.

Nyumbani usimfungie kwenye nailoni. Anatoa jasho, kisha ukungu, na masika hali huwa mbaya zaidi. Mfunge kwa karatasi ndani ya kikapu, mahali penye hewa, na kila wiki umrudishe kwenye wavu juu ya mkaa uliofunikwa majivu kwa nusu saa, umgeuze mara moja. Siku ya kupika, mloweke kwenye maji ya moto yenye chumvi dakika kumi, mwaga maji, toa miiba mikubwa, kisha umtie kwenye mchuzi wa karanga ukiwa tayari umeiva. Akichemka humo zaidi ya robo saa anasambaratika.