Kutoa rangi kuukuu kwenye treni ndogo za plastiki bila kuiharibu plastiki

Kichwa cha treni kilichoko mezani kwangu nilikipata soko la Toi, Nairobi, kwenye rundo la vitu vya watoto vya mitumba, kwa shilingi 350. Ni dizeli ya Kiingereza ya kipimo cha 1:76, yaani mara 76 ndogo kuliko ile ya kweli. Mwenyewe wa kwanza alikipaka rangi ya buluu ya milango, kwa brashi pana, mpaka ribiti zote, zile nukta za vichwa vya misumari kwenye ganda, zikazama. Nataka kukipaka damu ya mzee, rangi ya vichwa vya East African Railways, ile unayoiona hadi leo kwenye kichwa cha mvuke namba 5918, Mount Gelai, pale makumbusho ya reli Nairobi. Marehemu baba alikuwa fundi wa boila kwenye karakana ya reli. Zile Garratt 34, vichwa vikubwa vya mvuke kama huo wa Mount Gelai, zilizotoka Manchester mwaka 1955 na 1956 alizijua kwa majina ya milima yake. Ndiyo maana sitaki kupaka rangi mpya juu ya ile iliyovimba.

Nianze na lililonigharimu. Behewa langu la kwanza la mizigo nililifuta kwa thina. Chini ya dakika mbili mbao za mlango, zile mistari nyembamba zilizochongwa kwenye plastiki, zilikuwa zimelainika kama siagi, na kitambaa kikaondoka nazo. Thina, asetoni, petroli na dawa ya kuondolea rangi ya kucha zisikaribie treni ya plastiki. Nyingi za treni hizi ni za plastiki aina ya polistireni au ABS, na asetoni huziyeyusha zote mbili.

Kabla ya kulowesha chochote, piga picha pande zote. Namba na maandishi ya kiwandani huondoka kabla ya rangi yenyewe, na ukishayapoteza hutakumbuka yalikaa wapi. Kisha fungua. Ganda litengane kabisa na mota, gia, magurudumu na nyaya. Toa madirisha pia: plastiki ile angavu ikilowa spiriti hupata nyufa nyembamba kama utando wa buibui, na hazitoki. Sehemu zilizogundishwa huenda zikaachia, kwa hiyo weka kisahani karibu.

Halafu jaribu. Geuza ganda, chovya kijiti cha pamba cha masikio kwenye dawa uliyochagua, gusa sehemu ya ndani isiyoonekana, ngoja nusu saa. Ukikuta pananata kidoleni au pamepoteza mng'ao, acha dawa hiyo. Vichwa vingine vya mwanzoni mwa miaka ya 1950 vilitengenezwa kwa selulosi asetati, plastiki ya zamani ambayo hupinda yenyewe kwa umri. Hivyo mimi siviloweki kabisa.

Dawa ya kwanza ni isopropili, aina ya spiriti, ile mafundi wa simu wanayosafishia bodi. Naipata kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki, ya asilimia 99. Ile ya asilimia 70 ina maji mengi, inafanya kazi polepole. Mimina kwenye chombo chenye kifuniko, ganda lizame, funika. Rangi za akriliki huanza kukunjamana ndani ya robo saa. Toa, sugua kwa mswaki laini, rudisha. Kwenye pembe na kando ya ribiti tumia kijiti cha kuchokolea meno cha mbao. Kisu hapana, hata kama mkono wako ni mwepesi.

Mvuke wa isopropili ni mzito kuliko hewa. Hushuka, hutambaa sakafuni, na ukikutana na moto unawaka. Mimi hufanyia barazani, si jikoni, na jiko la gesi linakuwa limezimwa. Vaa glavu za nitrili na miwani ya kukinga macho, kwa sababu mswaki hurusha matone usoni.

Rangi ya milango kwenye kichwa changu ilicheka tu na isopropili. Ikabidi Dettol ile ya kahawia, isiyochanganywa na maji hata tone. Nililoweka ganda usiku kucha kwenye chupa ya jemu yenye mdomo mpana. Asubuhi rangi ilikuwa imelegea kama ngozi ya maziwa yaliyochemshwa, na niliposukuma kwa mswaki ilivutika yote kwa pamoja. Hapa ndipo wengi hukosea: wanakimbilia bomba. Maji yakigusa Dettol hugeuka meupe, na rangi iliyolegea inakuwa gundi inayojipachika kwenye kila ufa. Sugua ukiwa bado ndani ya Dettol, suuza kwa Dettol nyingine safi, na rangi ikishakwisha kabisa ndipo uoshe kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu. Maji ya moto hupindisha ganda.

Dettol kali huunguza ngozi ikikaa, na ni sumu kwa paka, kwa hiyo fungieni paka mbali. Isikutane na Jik kwenye beseni moja. Vivyo hivyo isopropili. Andika kwenye chupa kilichomo, uiweke juu watoto wasikofika.

Mafuta ya breki najua wako wanaoyasifu. Mimi siyatumii: yanadhuru ngozi na plastiki nyingine huzifanya zivunjike kama biskuti. Kostiki ya kutengenezea sabuni nayo inatoa rangi ya mafuta, ila tone moja jichoni linatosha kukupofusha.

Treni ya miaka ya 1960 kurudi nyuma ichukulie kuwa rangi yake ina madini ya risasi. Usipige msasa mkavu, usile hapo mezani, nawa mikono kabla hujamshika mtoto.

Dawa iliyotumika usiimwage kwenye sinki. Ichuje kwa kitambaa, irudishe chupani itumike tena, na matope ya rangi uyaache yakauke nje, mbali na moto, kisha uyafunge kwenye mfuko.

Ganda likaukie siku nzima mahali penye kivuli. Langu lilipokauka nililiinua karibu na dirisha. Plastiki ya asili ilikuwa ya kijani, na ukingoni mwa paa ribiti zilijitokeza moja moja, ndogo kuliko mbegu ya ufuta. Nikazihesabu mpaka mwisho.