Maneno ya kushika kabla ya kusoma barua ya King kutoka jela ya Birmingham
Anayetaka kuielewa vyema barua ambayo Martin Luther King, kiongozi wa harakati za haki za Wamarekani Weusi, aliiandika akiwa jela mjini Birmingham, Alabama, Marekani, mwezi Aprili 1963, aanze kwa kushika hatua nne za kampeni isiyotumia nguvu anazozitaja: kukusanya ushahidi wa dhuluma, kufanya mazungumzo, kujitakasa, na hatimaye kuchukua hatua za moja kwa moja, kama vile kuandamana, kususia maduka, au kuketi katika migahawa ya Wazungu pekee na kukataa kuondoka. Kujitakasa ndiko kunakohitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa hapa si ibada: wanaharakati walihudhuria warsha na kujiuliza iwapo wangeweza kupigwa bila kurudisha pigo, na kustahimili mateso ya kifungo. Mvutano nao, ambao King anautetea waziwazi, ni shinikizo la kumfanya mwenye mamlaka akubali kuzungumza, wala si vurugu.