Saratani ya mapafu: kupima jeni za kurithi ukiwa Lamu au Malindi

Kabla ya kulipia kipimo cha jeni, muulize daktari: ni cha damu au cha uvimbe? Kinyama cha uvimbe huonyesha mabadiliko yaliyozuka ndani ya saratani yenyewe, na mara nyingi ndiyo yanayochagua dawa. Damu huonyesha alichozaliwa nacho mgonjwa, na hicho hueleza zaidi jinsi mwili utakavyoihimili dawa. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Mgonjwa akipangiwa irinotekani, dawa ya kemo, kwa saratani ya mapafu ya seli ndogo, ulizia UGT1A1. Jeni hii hutengeneza kimeng'enya ambacho ini hutumia kuiondoa dawa mwilini. Kwa kawaida herufi TA za DNA hurudiwa mara 6 mwanzoni mwake. Wengine, Waafrika wengi wakiwemo, wana 7. Aliyerithi 7 kwa baba na kwa mama pia hukaa na dawa muda mrefu, chembe nyeupe zikashuka na kuhara kukawa kukali. Haina maana kwamba dawa haimfai. Aanzishiwe dozi ndogo, kisha ipandishwe damu ikiruhusu. Mgonjwa wa visiwani apange mapema boti ya dharura, kwa sababu homa ya 38 baada ya kemo haingoji asubuhi.

Damu itolewe mililita 3 hadi 5 katika chupa ya kifuniko cha zambarau, ipinduliwe taratibu mara 8 hadi 10 isigande. Chupa ya kijani ina heparini, nayo huzuia kipimo. Kutoka Faza hadi Mokowe, kisha barabara ya Mombasa, ibebwe kwenye kasha la barafu lakini ifungwe kitambaa: ikigusana na barafu huganda na seli hupasuka. Kinyama kikae kwenye formalini ya 10% kwa saa 6 hadi 72 tu. Kikisubiri gari wiki nzima, DNA hukatikakatika na majibu hurudi hayasomeki.

Majibu ya uvimbe yakionyesha T790M (badiliko katika EGFR, jeni inayochochea seli kukua) kabla mgonjwa hajameza tembe yoyote ya kuzuia EGFR, tena katika karibu nusu ya nakala za jeni zilizosomwa, huenda ameirithi. Ni nadra, ila omba damu ipimwe, na ndugu zake wapewe ushauri. Gefitinibu na erlotinibu, ambazo ni tembe za aina hiyo, huishinda kwa shida. Tembe ya osimertinibu iliundwa kwa ajili yake.

Kuhusu muda wa kuishi, tuwe wakweli: tafiti za jeni kama ERCC1 zimepingana, na hatua ya ugonjwa pamoja na nguvu za mgonjwa hueleza mengi zaidi. Mtu asimtajie mgonjwa miezi ya kuishi kwa kusoma damu peke yake.

Hata mwenye jeni nzuri huharibikiwa na anachotumia. Sigara hushusha erlotinibu katika damu kwa karibu nusu. Rifampisini ya kifua kikuu hushusha gefitinibu na erlotinibu kwa kiasi kikubwa, na wengi hufika kliniki ya saratani wakiwa bado wanaimeza. Miraa nayo hupunguza kasi ya CYP2D6, kimojawapo cha vimeng'enya vinavyovunja gefitinibu. Beba pakiti zote za dawa, na miraa itajwe bila haya.