Dakika moja kwenye kona: toa pumzi kwanza

Kwa mabondia chipukizi: kengele ya kumaliza raundi ikilia, ukikaa tu kwenye kigoda, usianze na maji wala maswali. Vuta pumzi puani kwa hesabu ya nne, kisha itoe mdomoni polepole kwa hesabu ya nane, mabega yakishuka. Mara tatu zinatosha. Hapo ndipo umsikilize kocha. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuvuta hupunguza kasi ya mapigo ya moyo, na kichwa kikitulia hata lile neno moja la kocha, "mkono juu!", linaingia. Hofu haiondoki, ila haikuendeshi tena.

Zoezi hili la pumzi lifanye jimu, kwenye sparingi (pambano la mazoezi), ukiwa umechoka hadi miguu inatetemeka. Ukilijaribu mara ya kwanza siku ya pambano, utalisahau. Ukihema harakaharaka kwa nguvu utapata kizunguzungu badala ya utulivu. Pua ikiwa inavuja damu, tumia mdomo. Na haliwezi kufidia mbio za asubuhi ulizozikwepa. Lakini kama umepigwa kichwani na unaona ukungu au huelewi uko raundi ya ngapi, hiyo si hofu: mwambie kocha hapohapo, pambano lisimame.